Sanduku la Edgeworth: Ridhaa Bila ya Kuuliza Milki

Wanafunzi wa uchumi hufundishwa mas-ala moja mapema sana: walaji wawili wana bidhaa mbili, wagawane vipi pasipotee manufaa? Francis Edgeworth aliweka msingi wa jawabu mwaka 1881, na Vilfredo Pareto akalichora sanduku lake mwaka 1906. Tumeona ni vyema tulipime jawabu hilo kwa fiqhi ya biashara, na mfano wetu uwe Bashay, Mbulu, baina ya mkulima wa Kiiraqw na mfugaji wa Kibarabaig kutoka Hanang.

Tuseme mkulima yuko tayari kutoa debe 6 za mahindi apate mbuzi mmoja, na mfugaji anaridhika na debe 3. Bei yoyote iliyo kati ya hizo inawafaa wote wawili. Kila wanapobadilishana, haja ya mmoja kwa mbuzi inapungua, na haja ya mwingine kwa mahindi inapungua, mpaka kadiri zao zilingane. Hapo hapana awezaye kuongezewa ila mwenziwe apunguziwe. Huo ndio ugawaji unaoitwa wenye ufanisi.

Insafu inatutaka tukiri kuwa hoja hii ina faida. Inabainisha kuwa si kila pato la mmoja ni hasara ya mwingine. Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, 1111 Miladia) naye katika Ihyaa alitoa mfano wa mwenye zaafarani anayehitaji ngamia, ili kueleza kwa nini watu wanahitaji fedha iwe kipimo baina yao.

Ama upungufu wake ni huu: sanduku huanza na kile alichonacho kila mmoja mkononi, wala halimuulizi amekipataje au amepoteza nini. Ukame ukija, mfugaji yule atakubali hata debe 1. Akiuza kwa debe 1 na nusu, wote wameridhia, na sanduku halioni kasoro. Amartya Sen alieleza mwaka 1981, akiandika juu ya njaa ya Ethiopia, jinsi wafugaji walivyoangamia thamani ya mifugo iliposhuka mbele ya nafaka.

Tena malisho hayaondolewi na ukame peke yake. Huko Hanang, Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano yaliyofikia takriban ekari 100,000 katika ardhi waliyokuwa wakichungia Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walishitaki, na Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa haki mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, ikiona Halmashauri ya Kijiji haikuthibitisha kuwa imegawiwa ardhi ile kisheria. Mfugaji aliyepoteza malisho akija mnadani na mbuzi wachache, sanduku linaanza kuhesabu hapo hapo.

Mafuqahaa hawakuanzia hapo. Pamoja na ridhaa waliweka sharti la milki, na mali ya ghasbu hurejeshwa kwa mwenyewe. Ama mauzo ya aliyedharurika, wanavyuoni wamekhitilafiana. Hadithi ya kuyakataza iliyomo katika Sunan Abi Daud ina udhaifu katika isnadi yake, lakini wengi wamechukia mtu kuwa mnyonge kisha bei yake ikavunjwa.

Huenda mchumi akasema: rekebisheni kwanza walichonacho, kisha waacheni wabadilishane. Tunakubali. Lakini huko ni kukiri kuwa uadilifu uko nje ya sanduku, kwa mwenye kuamua milki. Wala sisi tusijisifu: nasi tunamtaka mdai alete bayyina, na jamii iliyochunga pamoja vizazi kwa vizazi bila ya karatasi huenda isiwe nayo kwa namna kadhi anavyoizoea. Basi kabla ya kuuliza kama wawili hawa wameridhia, tuulize nani aliyewafikisha sokoni wakiwa na kiasi kile.

Wallahu aalam.