Wimbo wa Wankoko

Wadatoga wa Katesh, chini ya mlima Hanang, humzika mzee wao mtukufu kwa bung'eda, mazishi ya miezi kadhaa ambamo sifa na nasaba yake huimbwa. Kwao historia iliyoimbwa si pambo. Kwa sikio kama hilo ndivyo ipasavyo kusikilizwa "Oluyimba lwa Wankoko", mchezo wa Kiganda wa mwaka 1971, uliotungwa na Byron Kawadwa na kutiwa muziki na Wassanyi Serukenya.

Ukiitwa opera au mchezo wa nyimbo, si neno. La maana ni kwamba siasa yake imo katika uimbaji. Wankoko autamani ufalme usio wake. Watazamaji wa Kampala walikumbuka jinsi majeshi ya Obote yalivyoishambulia kasri ya Kabaka huko Mengo mwaka 1966, Mutesa II akakimbilia Uingereza, hawakuhitaji mfasiri. Maneno hayo yangalisemwa kwa hotuba, yangalikuwa matusi ya siku moja. Kwaya iliyapa umri. Lakini fumbo lina hatari yake: mnyang'anyi akiimbwa bila kutajwa, kila mnyang'anyi husikia jina lake. Na Amin alikuwa ameutwaa utawala kwa bunduki mwezi wa Januari, 1971.

Mapema mwaka 1977 mchezo huo ulionyeshwa Lagos, kwenye tamasha la FESTAC, ukasifiwa. Kawadwa alirejea Kampala, kwenye Jumba la Taifa la Michezo alimokuwa mkuu wa sanaa. Akakamatwa, akauawa mwaka huo huo.