Mwalimu Husimama Mbali

Nilikuwa darasa la nne nilipofundishwa kutoa sauti. Shule yetu ilikuwa na uwanja wa vumbi jekundu na mbuyu mmoja pembeni, kama shule nyingi za vijijini Dodoma, na upepo wa Julai ulikuwa ukivuma tangu saa nne asubuhi mpaka jioni. Tuliandaliwa ngonjera ya kumpokea mgeni. Mwalimu wetu hakutuambia tupaze sauti. Alitupanga chini ya mbuyu, akatupa kisogo, akaenda, akaenda, mpaka akafika kwenye magoli ya upande wa pili. Huko akageuka, akainua mkono mmoja juu na mwingine akautega sikioni. Mkono ulio juu maana yake ilikuwa: bado.

Tulipiga kelele mpaka makoo yakakwaruza, na mkono ulibaki juu. Siku ya tatu mwenzetu mmoja, mtoto mpole ambaye hata darasani hakusikika, alichoka kupiga kelele. Akashusha mabega, akavuta pumzi ikaingia mpaka tumboni, akasema mstari wake taratibu, neno moja baada ya jingine. Kule mbali mkono ukashuka.

Miaka mingi baadaye nilikuta jambo lile lile likifundishwa chuo kikuu, likiwa na jina la somo na alama za mtihani. Tangu hapo nimewatazama walimu wa maigizo kwa macho ya mtu anayewadai simulizi. Nikipata nafasi ya kukaa nyuma ya mazoezi ya wanafunzi, siangalii jukwaa peke yake. Namtafuta aliyesimama mbali.

Ngonjera ile, nilikuja kujua, ilikuwa na asili ya jirani kabisa. Mathias Mnyampala, aliyezikuza ngonjera zikawa mchezo wa kauli kati ya mtu na mtu, alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, hapo hapo kando ya barabara iendayo Morogoro, karibu na ulipojengwa Mji wa Serikali wa Mtumba. Alikuwa Mgogo aliyeandika historia na mila za watu wake, na baada ya Azimio la Arusha alitaka ushairi utoke kwenye karatasi usimame na miguu miwili. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilienea shuleni miaka ya 1970. Watoto wengi wa Tanzania ambao hawajawahi kuona jumba la maonyesho walianza kuigiza kwa njia hiyo, wakipokezana beti uwanjani.

Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na baadaye kikawa na shahada ya maigizo na filamu, mbegu haikutupwa kwenye ardhi tupu.

Niseme kwanza juu ya kazi yenyewe, maana wengi hudhani mwalimu wa maigizo ni mtu wa kuonyesha jinsi ya kulia na jinsi ya kucheka, mwanafunzi naye akaiga. Niliwahi kutazama mazoezi ya onyesho fupi: mama analetewa habari ya kifo cha mwanawe. Binti aliyeigiza nafasi ile alikuwa na kipaji, na alikijua. Mlango ulipogongwa tu, alishika kichwa. Habari iliposemwa, alijitupa sakafuni akapiga yowe. Wenzake wakapiga makofi. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kabla mlango haujagongwa, huyu mama alikuwa anafanya nini?"

Binti akajibu kwamba alikuwa amekaa.

"Amekaa anafanya nini?"

Hakuwa na jibu. Mwalimu hakumpa. Alimwambia aende, arudi kesho akiwa na kazi ya mama huyo mikononi. Kesho yake alikuja na ungo na uwele kidogo alioazima kwa mama mmoja anayeuza nafaka karibu na hosteli. Akakaa chini, akaanza kupepeta. Mikono ilikuwa ya mtu aliyekulia nyumba yenye ungo: pumba ziliruka mbele, punje zikarudi nyuma. Mlango ukagongwa, mgeni akaingia, habari ikasemwa. Na mikono ikaendelea kupepeta. Ikapepeta uwele uliokwisha kuwa safi. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja karibu yangu alitazama chini, akaanza kufunga kamba za kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari.

Mwalimu alisema, "Tupumzike kidogo," akatoka nje.

Nimeifikiria sana ile saa. Angeweza kumwambia binti siku ya kwanza, "Pepeta uwele." Angetii, na onyesho lingependeza. Lakini ungo ungekuwa wa mwalimu. Kuliona jibu na kulishika ulimini mpaka mwenye kulihitaji alifikie kwa miguu yake ni kazi ngumu, hasa kwa mtu mwenye macho makali, kwa sababu kila sekunde anaona kosa na anajua dawa yake.

Tabia hii ya kujizuia ina ukoo. Mafunzo ya maigizo yalianza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na walimu wa kizazi kile walikuta hazina ndogo sana ya tamthilia za Kiswahili za kufundishia. Ikabidi waandike wao. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando, ambaye wengi humfahamu pia kama Penina Mlama, akaandika Hatia, kisha Pambo, kisha Lina Ubani. Amandina Lihamba akaitoa hadithi ya Sembène Ousmane kwenye mazingira ya Senegal akaifanya Hawala ya Fedha. Mwaka 1982 Lihamba, Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa pamoja Harakati za Ukombozi, wanawake watatu kwenye tamthilia moja.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi kwa watu hawa ni kwamba walikubali kurudi kuwa wanafunzi. Muhando alipoandika tasnifu yake ya udaktari, iliyokamilika mwaka 1983, alikwenda kwa Wakaguru wa kwao Kilosa kuangalia ngoma na mafunzo ya jadi kama taasisi ya elimu. Huko wazee walikuwa wakifundisha kwa mwili, wimbo na fumbo zamani kabla ya mtu yeyote kuchora ratiba ya mihadhara. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 walimu wa maigizo wa chuo hicho cha Dar es Salaam walikwenda pia Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokwisha tungwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, na wanakijiji wenyewe wakakigeuza kuwa maigizo kwa ngoma na nyimbo zao, kisha wakajadiliana mbele ya wote. Njia hiyo ndiyo iliyozaa TUSEME mwaka 1996, mradi ambao wasichana wa sekondari waliutumia kusema kwa maigizo yale waliyoshindwa kuyasema kwa mdomo mkavu, na ukavuka mipaka ukaenda nchi nyingine za Afrika.

Nyanda hizi za kati nazo zimetoa walimu, na wengine hawakuwa na cheti chochote cha ualimu. Hukwe Zawose alitoka Doromo, Dodoma, akiwa na zeze, marimba na sauti iliyokuwa ikipanda juu kabisa kisha ikashuka kama jiwe kisimani. Alifundisha Bagamoyo kwa miaka mingi, akafariki Desemba 2003. Kutoka upande wa vyuo, Profesa Frowin Nyoni, aliyefundisha Dar es Salaam na kisha Dodoma, aliwahi kukichunguza kikundi cha Nyota wa Cigogo ili aeleze jinsi muziki na siasa vinavyokutana. Na Kedmon Mapana, mzaliwa wa Ugogo aliyefundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alirudi Chamwino akaanzisha kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Cigogo. Mtu akiwaona akina mama wa Chamwino wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, mabega yakiitikia kabla ya mkono, ataelewa kwa nini mwanafunzi wa uigizaji Dodoma hahitaji kwenda mbali kutafuta mwalimu wa mwili. Kazi ya mhadhiri hapo ni kumfikisha kijana kwa mama yule, kisha kuwapisha.

Filamu nayo ina adabu yake, na Dodoma inaifundisha kwa ukali. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mawingu ni machache kiangazi kizima, na jua la saa sita hupiga utosini mpaka macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Anayejifunza kamera hapa hujifunza kuamka. Tangu jua lichomoze mpaka saa mbili asubuhi mwanga hulala chini, ukagusa mashavu na magome ya mibuyu kwa upole. Baada ya hapo afadhali kuingia kivulini na kutandaza kitambaa cheupe kinachorudisha nuru usoni. Kisha kuna upepo, uleule wa utotoni mwangu, ambao kwenye maikrofoni isiyofunikwa hunguruma kama lori.

Nikitaka mfano wa mwalimu mwenyewe mbele ya kamera, humrudia Lihamba katika Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001. Anaigiza Samehe, mgonjwa aliyekaa miaka bila kusema neno. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwafundisha wengine kutoa sauti anakaa kimya, na kamera inamsogelea, na ndani ya ukimya ule hakuna hata kope inayokwenda bila sababu. Wanafunzi wanapaswa kuitazama hiyo sehemu kwanza, kabla ya tamthilia yoyote yenye maneno mengi.

Kazi hii ya ualimu haipimiki kirahisi. Mizani ya vyuo vikuu, hapa na kwingineko duniani, imezoea makala na vitabu, na makala huwekwa kwenye rafu. Igizo la mwisho wa muhula hudumu saa moja na nusu, viti vikarudishwa, basi. Nadhani tunawakosea walimu hawa tunapohesabu kilichobaki kwenye karatasi peke yake.

Siku onyesho lile la mama na ungo lilipofanywa kuwa mtihani, ukumbi ulijaa, wengine wamesimama dirishani. Binti alikaa na ungo wake. Habari ikasemwa, mikono ikaendelea, na ukafika mstari wake wa kujibu. Haukuja. Nilijua haukuja, kwa sababu nilikuwa nimeusikia mazoezini mara nyingi. Nikageuka kumtafuta mwalimu. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, muswada ameukunja mkononi. Angeweza kumwashiria kijana aliyekuwa nyuma ya pazia, naye akausogeza mstari jukwaani. Hakutikisika. Uwele ukarushwa, ukadakwa, ukarushwa, ukadakwa. Watu hawakujua lolote. Waliona mama asiyeweza kusema. Halafu mabega ya binti yakashuka, pumzi ikaingia.