Kuzidi na Kuzidisha

Shuleni Burundi mtoto huanza hesabu kwa Kirundi, kisha huhamia Kifaransa; lakini Rumonge, jioni, fumbo la aljebra hufafanuliwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo tunapowalaumu wafafanuzi, walimu wa lugha tukiwamo: twamwachia mwanafunzi neno lenye sura mbili, kisha twamwita mzito.

Chukua fumbo hili. Zaituni amemzidi Asha kwa madumu 3 ya mawese. Jumla yao ni madumu 11. Asha ana mangapi? Mwanafunzi asikiaye "amemzidi kwa 3" huandika 3x, maana darasa la hesabu limemfunza kwamba kuzidisha kwa 3 ni mara 3. Apata 4x = 11, na Asha ana madumu mawili na robo tatu. Hesabu yake haina kasoro. Aliyempotosha ni mzizi mmoja wa vitenzi viwili. Sokoni nako mnunuzi wa ndagala husema "nizidishie", naye hataki fungu mara tatu (angetaka, lakini hathubutu), ataka kiganja cha nyongeza. Basi mtoto wa mwambao ana maana mbili za zidisha, na ile ya nyumbani ndiyo kongwe.

Twapendekeza swali moja kabla ya herufi yoyote: Zaituni akiweka kando madumu 3, atabaki na mangapi? Atabaki sawa na Asha. Ndipo x + 3 iandikwe, na mlinganyo 2x + 3 = 11 umpe Asha madumu yake 4.