Milio Mitatu

Mzee aliisimamisha giaboksi wima juu ya tairi kuukuu, mdomo ukitazama juu. Akaipakata toki konveta, lile duara zito linalokaa kati ya injini na giaboksi, akaiteremsha polepole kwenye shafti, akaanza kuizungusha kwa viganja huku ameinamisha sikio. Tok. Mlio wa kwanza: meno ya shafti yamekutana. Akaendelea kuzungusha. Tok, wa pili, mzito kidogo. Kijana wake akanyoosha mkono kuchukua spana. “Bado,” mzee akasema, macho ameyafumba. Gereji nzima pale Ngamiani, Tanga, ikanyamaza, hata aliyekuwa akigonga bodi upande wa pili. Dakika zilipita. Halafu ukaja wa tatu, mfupi, wa chini kabisa, kama mlango wa kabati unaojifunga wenyewe. Toki konveta ilikuwa imeishika pampu ya oili. Mzee akalaza rula ya chuma juu ya mdomo wa giaboksi, akapima kina, ndipo akafumbua macho.

Tangu siku hiyo sijasikia milio iliyotulia namna ile.

Pikapu iliyoisubiri giaboksi hiyo ilikuwa ya baba, Hilux ya petroli, iliyoshusha iliki kutoka Amani na kupeleka machungwa ya Muheza sokoni Tanga hadi injini ikachoka. Baba akataka dizeli. Goti lake la kushoto nalo lilikuwa limekataa klachi, hivyo akataka na giaboksi ya oto. Injini tuliipata Ilala, Dar es Salaam: 1KZ-TE ya lita 3, yenye tabo, iliyotolewa kwenye Hilux Surf. Giaboksi yake haikuwepo. Muuzaji akatupa nyingine ya bei nafuu, ya Surf pia, ila iliyokuwa nyuma ya injini ya petroli ya V6. Kwa nje ni pacha. Belihauzi, ganda la mbele linaloshikana na injini, hufunguliwa na kubadilishwa, na bolti zote hukaa.

Mzee aliitazama, akaifunika kwa gunia.

Hakusema neno juu yake siku ile. Alimuuliza baba: unapakia magunia mangapi? Mlima gani unaupanda ukiwa na mzigo, na gani unaushuka? Matairi ya ukubwa gani? Kisha akapiga jeki nyuma, akachora mstari wa chaki kwenye propela shafti na mwingine kwenye matairi, akatuambia mimi na kijana wake tuzungushe magurudumu yote mawili pamoja, mzunguko mmoja kamili. Yeye alihesabu chini. Propela ilizunguka mara nne na zaidi kidogo, naye akajua difu ni ya namna gani bila kuifungua. Mpaka hapo alikuwa hajagusa giaboksi yoyote. Kuchagua kulikuwa kumeshaanza.

Kesho yake ndipo alipomweleza baba, kwa heshima, kama anayemweleza mgonjwa. Dizeli ile mvuto wake unajaa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, na nguvu yake inafika kileleni 3,600. Petroli ile ya V6 huko ndiko inakoanza kuchangamka. Toki konveta yake imetengenezwa kusubiri injini ipande, na kompyuta yake inabadili gia ikishapanda. Ukiifunga kwenye dizeli, injini itanguruma bure, oili itachemka, na ile rangi nyekundu itageuka kahawia yenye harufu ya kuungua. “Itakwenda, kaka,” alisema. “Itakwenda mpaka mlimani.” Tukasubiri majuma sita giaboksi iliyotoka nyuma ya 1KZ, pamoja na kompyuta na nyaya zake, na mzee akaongeza mbele ya rejeta kipozeo kidogo cha oili kwa ajili ya milima ya Amani.

Majuma sita! Nani leo angesubiri? Oto yenyewe ni kitu cha zamani. Oldsmobile za mwaka 1940 zilikuwa nayo, kwa jina la Hydra-Matic, nayo ikaingia hadi kwenye vifaru vya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwetu ilikuja kwa wingi na magari yaliyotumika kutoka Japani, nasi tukaizoea kwa namna mbaya: tunainunua kwa picha ya simu, kwa bei, kwa kuwa bolti zimekaa. Ikifa, tunasema oto ni mbovu. Giaboksi ngapi zimetupwa kwa kosa la aliyezichagua?

Baba aliiendesha ile pikapu hadi mwisho wa maisha yake, akishuka Amani na gia ya pili, mguu wa kushoto umepumzika.

Mwaka jana nilikuwa kwenye gereji nyingine, mji mwingine, wakifunga giaboksi ya oto nyuma ya dizeli. Redio ilikuwa juu. Kijana aliisukuma toki konveta kwa tumbo, akazungusha kidogo, nami nikajikuta nahesabu. Nilisikia mmoja. Labda wa pili. Wakaiinua giaboksi, ikabaki nafasi ya vidole viwili kati yake na injini, na kijana akaanza kuifumba nafasi ile kwa kukaza bolti, moja huku, moja kule. Pampu iliyobanwa hivyo huvunjika injini ikiwashwa tu.

Nilimwomba azime redio. Akanitazama kwa adabu, akasema, “Tunamaliza sasa hivi, mzee,” akaendelea kukaza.