Mganga Lazima Atoke Sumbawanga?

Katika kibanda kimoja cha video hapa Kawajense niliwahi kuona jambo ambalo mpaka leo linanikera. Filamu ilikuwa ya hapa hapa nyumbani. Mama mmoja wa Dar es Salaam anataka kumroga mke mwenziwe, shoga yake anamshauri asihangaike na waganga wa mjini, aende Sumbawanga. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka. Tulipotoka nje ndipo nikajiuliza: jamani, tumecheka nini? Mpanda yetu ilikuwa ndani ya mkoa wa Rukwa, ambao makao yake ni Sumbawanga, mpaka mwaka 2012 ulipozaliwa mkoa wa Katavi. Tulikuwa tumelipa kiingilio ili tutukanwe, tena tukapiga na makofi!

Wanaojua Kifipa husema jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Mji unaoambiwa watu "tupeni uchawi wenu" umegeuzwa ghala la uchawi la taifa. Siku moja nilipokuwa Dar, kijana aliposikia natoka Mpanda alirudi nyuma hatua mbili na kusema, "Kaka, usije ukanitupia radi." Alikuwa anatania, najua. Lakini utani ule hakuzaliwa nao. Kuna mahali aliufundishwa.

Ndugu msomaji, ukitazama filamu zetu nyingi utadhani mtunzi ana kabati la watu waliokwisha kushonwa. Akitaka mlinzi anamtoa Mmasai na rungu lake. Akitaka mtu wa kuchekesha anamtoa Msukuma aliyeshangaa ghorofa. Mchaga yeye ni pesa tu, Mhaya ni majivuno, msichana wa kazi lazima awe na lafudhi ya bara. Hakuna anayeulizwa mama yake ni nani, anaogopa nini, usiku anaota nini. Kabila limekwisha kumjibia.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1952, enzi za mkoloni, ilitengenezwa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Kisa chake ni cha mtu wa shamba anayeingia mjini na kuvurugwa na mambo ya mji. Aliyeigiza mtu huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, Kawawa huyo huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika! Hebu fikiri: mtu mwenye akili ya kuongoza nchi, kamera ilimtaka aigize mshamba. Mkoloni ameondoka, lakini mshamba wake tumembakiza kwenye filamu zetu, tukambadilishia shati tu.

Na hali kama hii imo vitabuni pia. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kilisomwa mashuleni Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mbotela alikuwa mzawa wa watu waliokombolewa utumwani, kwa hiyo uchungu wake ni wa kweli na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Ila ndani ya kitabu kile Mwarabu ni katili na Mwingereza ni mkombozi, basi. Kwamba Waarabu walifanya biashara ya watumwa si uongo. Lakini mtoto anayesoma hivyo darasani atamtazamaje jirani yake muuza duka mwenye asili ya Uarabuni? Na atamtazamaje Mwingereza aliyekuja kumtawala babu yake? Kumsifu mtu kwa sababu ya ngozi yake ni ugonjwa ule ule wa kumlaani kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa wapo watakaosema: kwa hiyo tusiandike ubaguzi kabisa? Wahusika wote wawe malaika? La hasha! Ubaguzi upo, na mwandishi anayeuficha ni mwongo. Suala ni nani anayesema. Mhusika akisema neno la kibaguzi, ni lake. Kitabu kizima kikimwunga mkono, hapo ni la mwandishi.

Chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Kijana Yusuf anafuatana na msafara wa tajiri Aziz kutoka pwani kwenda bara. Kwa wafanyabiashara wale, watu wa bara ni washenzi. Mimi wa bara, wa upande huu wa Ziwa Tanganyika, nilisoma kurasa zile nimeuma meno. Lakini Gurnah hakuishia hapo. Msafara unafika kwa mtawala aitwaye Chatu, na huyo "mshenzi" anafungua kinywa. Analo la kusema: walikuja wengine kabla yenu, wakanidhulumu. Mali ya msafara anaizuia. Unaweza usimpende Chatu, maana si mtu mwema. Ila huwezi tena kusema hana sababu. Neno ushenzi linaanza kuyumba, na msomaji anajiuliza ni nani hasa anayestahili kuitwa hivyo.

Au chukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa mzee aliyemzidi umri mno. Anamtoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili wa kawaida. Baadaye anampenda Denge, Mwafrika anayepigania uhuru. Katika hadithi zetu nyingi Mhindi huonekana nyuma ya kaunta tu, anahesabu senti. Shafi amemtoa binti huyu nyuma ya kaunta akamvika moyo. Wala hakuficha ubaguzi: upo katika ule mlango uliofungwa, na unauma zaidi kwa sababu aliyeufunga ni ndugu.

Nimewasema wengine vya kutosha, sasa nijiseme mwenyewe. Nina kaunta buku mbili zenye riwaya ambayo bado sijaimaliza. Katika sura ya tatu kuna jambazi anayeteka gari usiku. Nilimpa jina la Kirundi, nikamtoa Katumba, nikamchanganyia l na r ili msomaji acheke kidogo kabla ya kuogopa. Niliona nimeandika kitu kikali kweli kweli!

Nikampa asome rafiki niliyesoma naye sekondari, ambaye kwao ni Katumba. Wazazi wake walibebwa mgongoni wakikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Watu wale walifyeka mapori ya Katumba na Mishamo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu kule Tabora. Ni Watanzania kama mimi, ingawa huku mtaani wapo ambao bado wanawaita wakimbizi.

Alisoma kimya. Alipomaliza hakukasirika. Aliuliza tu, "Kwetu umekula mara ngapi?" Nikasema sikumbuki, nyingi. Akasema, "Mbona hayo hukuyaandika?" Akanirudishia kaunta buku langu.

Sikulala vizuri usiku ule. Yaani mimi niliyekerwa na kicheko cha Sumbawanga, ndiye niliyemfanyia mwenzangu yale yale, tena kwa kalamu yangu mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Hapo nikaelewa kwamba dhana hizi hazikai Dar peke yake. Kila aliyechekwa hutafuta wa chini yake wa kumcheka.

Kipo kitabu maarufu kuhusu wakimbizi wa Mishamo, cha Liisa Malkki, kilichotoka mwaka 1995. Ni cha kitaalamu na ni cha Kiingereza, na mwandishi wake alitoka mbali. Riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu wa huku, yenye bibi wa Katumba anayecheka, kugombana na kuficha hela kwenye kibuyu, mimi sijaiona. Wenzangu tunaochipukia, hiyo kazi inatusubiri. Dar hawatatufanyia.

Sura ya tatu nimeichana na kuianza upya. Jambazi bado yupo, maana gari lazima litekwe. Ila sasa ni kijana wa mtaani kwetu hapa Kawajense, anaongea kama mimi. Na nimegundua amekuwa mgumu kumwandika kuliko yule wa kwanza. Yule wa kwanza kabila lake lilimaliza kazi yote. Huyu inabidi nieleze kwa nini anaiba.