Majina ya Sauti Moja katika Hadithi za Picha za Marekani

Msomaji wa hadithi za picha za Marekani hakawii kuona kwamba mashujaa wake wengi wana majina mawili yaanzayo kwa sauti moja. Peter Parker ndiye Spider-Man. Bruce Banner ndiye Hulk. Matt Murdock ndiye Daredevil. Reed Richards alimwoa Sue Storm mwaka 1965. Hata yule mkuu wa gazeti anunuaye picha za Parker, J. Jonah Jameson, sauti yake imerudiwa mara tatu. Wote hawa walitokea kati ya 1961 na 1964, kwa maneno ya Stan Lee na kwa mikono ya wachoraji Jack Kirby, Steve Ditko na Bill Everett.

Lee, aliyefariki 2018, alieleza kwamba kumbukumbu yake ilikuwa mbovu: akilikumbuka jina moja, herufi yake ilimpeleka kwenye la pili. Maelezo haya yamepokewa kwa wepesi mno. Desturi yenyewe ilimtangulia. Lois Lane alikuwamo katika hadithi ya kwanza ya Superman, 1938. Lana Lang akafuata 1950. Na Luthor, aliyeingia 1940 kwa jina moja tu, alipopewa la pili mwaka 1960 likawa Lex. Tena katika hadithi za Lee wengine walipewa majina yasiyo na alama hiyo, kama Tony Stark na Ben Grimm. Sue Storm ana ndugu yake, naye ni Johnny.

Ushahidi ulio bora umo katika makosa. Katika toleo la kwanza la The Amazing Spider-Man, 1963, Parker aliitwa mahali pengine Palmer. Mwaka 1964 Bruce Banner akageuka Bob Banner katika Fantastic Four. Wasomaji wakahoji, ndipo ikaamuliwa kuwa jina lake kamili ni Robert Bruce Banner. Yafaa kutazama kilichopotea na kilichobaki. Neno limetoka, sauti ya mwanzo imekaa. Basi sauti hiyo haikulilinda jina, ilijilinda yenyewe. Wala si ajabu, kwa kuwa mkazo wa majina ya Kiingereza mara nyingi huwa mwanzoni, na ushairi wa kale wa lugha hiyo, kama Beowulf, ulifungwa kwa sauti za mwanzo, si kwa vina. Kazi hii ni ya sikio, si ya jicho: Clark Kent ana herufi mbili na sauti moja.

Kenneth Johnson, aliyemtengeneza Hulk kwa televisheni mwaka 1977, alimwita David Banner, kwani majina ya namna ile aliyaona yana harufu ya hadithi za picha. Hata hivyo kaburi lionyeshwalo katika filamu hiyo ya kwanza limeandikwa David Bruce Banner. Aliyefukuzwa mlangoni alirudi kwa dirishani.

Mfasiri wa Kiswahili ana shida ya namna nyingine. Katika Kiswahili sauti ya mwanzo imekwisha kuajiriwa na sarufi. Asemapo mtu “vitabu vyangu vizuri vimepotea”, v imerudi mara nne, wala hakuna asikiaye urembo. Wanasarufi wa Kizungu wa zamani waliuita upatanisho huu takriri ya herufi, jina linaloeleza masikio yao zaidi ya lugha yenyewe. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na huko ndiko sikio linakongoja. Mtu akiitwa Juma Jabiri, hakuna ageukaye; akiitwa Juma Huruma, watoto watalirudia jina hilo njia nzima.

Majina ya watu, kama Peter Parker, hayana budi kuachwa yalivyo. Ugumu uko kwa yale yenye maana, kama Green Goblin. Aandikaye Zimwi la Kijani amepata maana na kupoteza wimbo. Aandikaye Zimwi Zumaridi ameipata z mara mbili, lakini msomaji atalisikia zumaridi kwa uzuri wa kito. Na zimwi lililovishwa kito halimtishi mtu.