Jazz ya Kilatini na viti vya ukumbini



Juzi hapa New York niliingia ukumbi mmoja kusikiliza bendi ya jazz ya Kilatini. Tumba zilipokolea, mama mmoja mbele yangu akainuka kucheza. Mhudumu huyo, mbio: kaa chini, unawaziba wenzako! Akakaa. Na mimi, profesa mzima, nikabaki natikisa goti tu.

Sasa nauliza, ule ulikuwa muziki uleule? Miaka ya 1950 pale Palladium, Broadway, Machito na Tito Puente walipiga mbele ya wachezaji. Mpigaji aliiona miguu, akajua lini aongeze moto na lini apoze. Sakafu nayo ilikuwa ala. Palladium ikafungwa 1966.

Mtaniambia: mbona Dizzy Gillespie na Chano Pozo walipiga Carnegie Hall Septemba 1947, watu wamekaa? Kweli kabisa. Na nakiri, pale kitini nilisikia besi na piano zikijibizana, jambo ambalo kwenye dansi lingenipita. Lakini Carnegie ilifunguliwa 1891, ikajengwa kwa okestra zisizo na vipaza sauti. Mwangwi wake hunogesha fidla. Ngoma za haraka huzivuruga.

Kwa hiyo sigombi na viti. Nagomba na ukumbi usiobakiza hata kijisehemu cha kuchezea. Yule mama alilipa tiketi nzima, akapewa nusu ya muziki.

Nawasilisha.